Kahawa ya Kilimanjaro na mteja wa Pasua: Kinachomrudisha mtu mgahawani

Na Mwandishi Wetu, Moshi

ALFAJIRI, kabla daladala za kwenda mjini hazijajaa, kijiwe cha kahawa katika Kata ya Pasua, Manispaa ya Moshi, huwa tayari kimepata wateja. Dele limekaa juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vimo ndani ya ndoo ya maji, na kashata za karanga zimepangwa kwenye sinia.

Wazee waliotoka kuswali huketi kwenye benchi, hunywa kahawa chungu taratibu na kujadili habari za siku. Mtu aliyebakiwa na sarafu chache mfukoni hunywa na kuondoka bila kuona haya.

Mwendo mfupi wa daladala kutoka hapo, katikati ya mji, migahawa ya kahawa nayo hufungua milango. Huko kuna mashine ya kusagia kahawa, keki ndani ya kabati la kioo, mikate iliyotoka tanurini na orodha ya bei mezani. Wateja wake ni watalii wanaojiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro au waliokwisha kuteremka, wafanyakazi wa ofisini, na wakazi wa mji wanaotafuta mahali tulivu pa kuzungumzia biashara.

Mkazi wa Pasua anayeingia katika mgahawa wa aina hiyo kwa mara ya kwanza hukutana na mambo matatu yanayoamua iwapo atarudi: bei ambayo haelezwi sababu yake, ladha asiyoizoea, na namna anavyopokewa na wahudumu.

Jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Hata hivyo, Tanzania huuza nje zaidi ya asilimia 90 ya kahawa inayozalisha, na mkulima wa Kibosho, Marangu au Machame hutegemea bei inayopangwa mbali na shamba lake. Kila mteja wa ndani anayeingia mara moja na kukata tamaa ni sehemu ya soko ambalo mkulima huyo analikosa.

Zao la kupelekwa mnadani

Kahawa ililetwa katika miteremko ya Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki, ambao mwaka 1898 walikuwa wakiilima Kilema. Wachagga waliichukua na kuipanda kwenye vihamba, chini ya kivuli cha migomba, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kwanza, KNPA, kilichoongozwa na Joseph Merinyo.

Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU. Kutokana na historia hiyo, Moshi ukawa mji wa ushirika. Chuo cha Ushirika kilianzishwa hapo mwaka 1963, na mwaka 2014 kikapandishwa hadhi kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Pamoja na hayo yote, kahawa ilibaki kuwa zao la kuuza. Mkulima alichuma matunda mabivu, akayamenya, akazivundika punje ili ute utoke, akaziosha na kuzianika, kisha akazipeleka katika chama cha msingi. Baada ya kukobolewa, punje zilipangwa katika madaraja kwa ukubwa na ubora, zile kubwa zikiitwa AA, na kupelekwa mnadani.

Nyumbani kwake mkulima huyo aliendelea kunywa chai ya maziwa asubuhi na mbege jioni. Watoto walisomeshwa kwa fedha za kahawa bila kuijua ladha yake. Hadi leo si ajabu kumkuta mtu aliyezaliwa katikati ya migomba na mibuni ambaye hajawahi kunywa kikombe cha kahawa ya daraja la juu kutoka mlimani kwao.

KNCU yenyewe iliwahi kuchukua hatua ya kusogeza kahawa hiyo karibu na mnywaji kwa kuanzisha mgahawa wa Union Café katika jengo lake katikati ya Moshi, ukitumia kahawa ya wanachama wake. Wazo la namna hiyo linaeleweka kwa urahisi: kahawa ikikaangwa, ikasagwa na kunywewa hapohapo, sehemu kubwa zaidi ya thamani yake hubaki mkoani.

Kinacholipiwa ndani ya kikombe

Malalamiko ya kwanza ya mteja mgeni ni bei. Fedha anayotoa kwa kikombe kimoja mgahawani ingeweza kumnunulia vikombe vingi kijiweni, na huenda ingebaki ya kashata. Asipoelezwa sababu, huondoka akiamini ameibiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya buni iliyokobolewa, ikikaangwa, hupoteza unyevu na kubaki kati ya gramu 800 na 850. Kikombe kimoja hutumia takribani gramu 10 za kahawa iliyosagwa. Kwa hiyo kilo moja ya buni hutoa vikombe 80 hivi.

Maana yake ni kwamba buni yenyewe ni sehemu ndogo ya bei. Sehemu kubwa hulipia pango la jengo, mishahara, maziwa, sukari, maji, leseni, kodi na umeme, pamoja na mashine ambayo husukuma maji ya moto kwa nguvu kupita katika kahawa iliyosagwa laini kwa muda usiozidi nusu dakika. Umeme ukikatika, mashine hiyo husimama, na mwenye mgahawa hulazimika kuwasha jenereta au kuwaambia wateja wasubiri. Muuzaji wa kijiweni hana gharama hizo. Yeye ana dele, mkaa na benchi.

Hesabu hiyo pia humsaidia mteja kupima kauli za wafanyabiashara. Mwaka 2001 bei ya kahawa aina ya arabika katika soko la dunia ilishuka hadi chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na wakulima wengi wakavunjika moyo. Februari 2025 bei hiyo ilipita dola 4, kutokana hasa na ukame nchini Brazil.

Bei ya buni inapopanda kiasi hicho, ni haki kwa mgahawa kuongeza kitu. Lakini kwa kuwa buni ni sehemu ndogo ya gharama, buni ikipanda maradufu haitoi sababu ya kikombe kupanda maradufu. Vivyo hivyo, bei iliposhuka mwaka 2001, kikombe mgahawani hakikuwa na sababu ya kushuka kwa kiwango kilekile, ingawa mkulima aliumia kwa kiwango hicho hicho.

Ladha isiyozoeleka

Jambo la pili ni ladha. Kahawa ya kijiweni huchemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi pamoja na tangawizi, na hukaa juu ya moto hadi iishe. Uchungu wake ndio sifa yake, na kashata huliwa ili kuutuliza.

Arabika ya mlimani, iliyokaangwa kwa wastani na kutengenezwa papo hapo, ina uchachu kidogo na harufu inayokaribia ya matunda. Mteja aliyezoea kahawa ya dele anaweza kudhani imeharibika. Kumbe uchachu huo ndio unaowafanya wanunuzi wa nje waigombee.

Mhudumu anayeijua kazi yake hueleza hilo kwa maneno mawili kabla ya kuleta kikombe, au humpendekezea mteja kahawa yenye maziwa kwa kuanzia. Asiyeijua huweka kikombe mezani na kuondoka, na mteja hubaki akijiuliza kama amepewa masalia.

Kwa upande wake, mteja ana haki ya kuuliza kahawa ilikaangwa lini. Kahawa iliyokaangwa hupungua harufu katika muda wa wiki chache, na ikishasagwa hupungua kwa kasi zaidi. Kuwa karibu na shamba hakusaidii chochote iwapo pakiti imekaa rafuni miezi sita.

Mkate na saa ya kutoka tanurini

Mgahawa wenye bekari huvuta wateja kwa harufu ya mkate, na hapo pia kuna mambo ya kufahamu. Mkate huanza kuchakaa tangu unapopoa, kwa sababu wanga uliomo hujipanga upya na kuwa mgumu. Wengi hudhani jokofu huuhifadhi, lakini baridi ya jokofu huongeza kasi ya kukakamaa kwake, ingawa huchelewesha ukungu.

Mkate ukikatwa na kufungwa kwenye mfuko ukiwa bado wa moto, mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko na ukungu huota mapema. Ndiyo maana muokaji mwangalifu humwambia mteja asubiri upoe, na mteja mwenye haraka huona anacheleweshwa.

Ukubwa wa mkate nao huleta manung'uniko. Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayotumia, licha ya mashamba ya Hanang na ya magharibi mwa Kilimanjaro. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya ngano duniani ilipanda, na waokaji wakawa na njia mbili: kuongeza bei au kupunguza unga.

Anayeongeza bei hulaumiwa siku hiyohiyo. Anayepunguza unga hugundulika baadaye, pale mama wa nyumbani anapoona mkate uliokuwa ukitosha watoto wanne sasa unawatosha watatu. Katika mji mdogo kama Moshi, habari ya namna hiyo hufika sokoni Pasua kabla ya jua kutua.

Mteja hana haja ya kunung'unika pembeni. Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kusimamia uzito wa bidhaa, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Salamu na risiti

Jambo la tatu, ambalo halihitaji mashine wala mtaji, ni mapokezi. Mzee wa Pasua akiingia mgahawani hutarajia kuamkiwa shikamoo na kijana anayehudumu, kama anavyoamkiwa kijiweni. Akiona mtalii aliyekuja baada yake anahudumiwa kwanza, huku yeye akitazamwa kama aliyepotea njia, hatatoa malalamiko. Atamaliza kikombe chake na kutorudi.

Orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee hutoa ujumbe uleule. Mteja anayeona aibu kuuliza maana ya maneno huagiza soda, kwa kuwa jina lake analifahamu, na soda hiyo haina hata punje moja ya kahawa ya Kilimanjaro.

Bei iliyoandikwa wazi humwondolea mgeni wasiwasi, kwa kuwa anajua anachodaiwa kabla ya kuagiza. Risiti nayo ni sehemu ya mapokezi. Mashine za kielektroniki za risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na sheria inamtaka muuzaji kuitoa na mnunuzi kuidai. Mteja akiwa na risiti, anaweza kurudi na mkate ulioota ukungu bila kubishana kama ulinunuliwa hapo.

Soko lililo karibu

Wapo wanaosema kwamba Mtanzania ni mnywaji wa chai na kwamba hilo halitabadilika. Mfano wa Ethiopia unaonyesha vinginevyo. Nchi hiyo, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote barani Afrika, hunywa takribani nusu ya kahawa yake yenyewe. Bei ya nje ikianguka, mkulima wa huko bado ana jirani wa kumuuzia.

Mkulima wa Kilimanjaro hana kinga hiyo. Bei ilipoanguka, wapo waliong'oa mibuni na kupanda mahindi, nyanya au migomba zaidi, na mbuni mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Bei nzuri iliporudi, waliokuwa wameng'oa hawakuwa na cha kupeleka.

Migahawa na bekari za Moshi haziwezi kulimaliza tatizo hilo peke yake, na hakuna anayetarajia wazee wa Pasua waache benchi lao. Kijiwe kina kazi ambayo mgahawa hauiwezi. Lakini kikombe kidogo chenye bei ndogo, orodha ya Kiswahili, tarehe ya kukaanga iliyoandikwa kwenye pakiti na shikamoo mlangoni ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kila mwenye mgahawa.

Watalii hupungua kila mvua za masika zinapofika, na mwaka 2020, wakati wa janga la corona, walikaribia kutoweka kabisa. Mwenye mgahawa aliyekuwa amewazoesha wakazi wa Pasua, Majengo na Njoro kuingia kwake alibaki na watu wa kuwafungulia mlango.