Hesabu ya Atomi katika Chokaa na Upatanisho wa Ngeli

Neno "chokaa", kama litumiwavyo katika pwani ya Dar es Salaam, hubeba vitu vitatu ambavyo kemia huvitenga. Kuna jiwe la chokaa, kama lile la matumbawe ya kale lichimbwalo Wazo, upande wa Kinondoni, ambako kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kuna chokaa isiyozimwa, itokayo tanurini baada ya jiwe kuchomwa. Kuna na chokaa iliyozimwa kwa maji, nayo ndiyo ipakwayo ukutani. Mwashi hapotei, kwa kuwa vitenzi "kuchoma" na "kuzima" humtosha. Mwanakemia huvitenga kwa kuhesabu atomi, na hapo ndipo Kiswahili kinapodaiwa maneno yasiyo na utata.

Alama ya jiwe la chokaa ni CaCO₃. Tarakimu ndogo ya chini huhesabu kile kilicho mbele yake kushoto. Isipokuwapo tarakimu, atomi ni moja. Basi mna kalsiamu moja, kaboni moja na oksijeni tatu. Jumla atomi 5. Utaratibu huu wafanana sana na sarufi ya Kiswahili, ambamo nambari hufuata jina: asemaye "oksijeni tatu" amekwisha kusoma alama jinsi ilivyoandikwa, hali Mwingereza hana budi kuigeuza. Jiwe likichomwa, kaboni moja na oksijeni mbili huondoka kama hewa, ikabaki CaO yenye atomi 2. Ndiyo maana kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 tu za chokaa.

Ugumu huanza penye mabano. Chokaa iliyozimwa ni Ca(OH)₂, na tarakimu 2 yahesabu yote yaliyomo mabanoni. Mwalimu akisoma "kalsiamu, oksijeni na hidrojeni mbili", msikilizaji hana njia ya kujua kama "mbili" yahusu hidrojeni peke yake au oksijeni pia. Majina yote ni ya ngeli moja, na upatanisho hausaidii kitu. Mwanafunzi atakayejibu kwamba atomi ni 4 hakukosa hesabu. Amepewa sentensi yenye maana mbili.

Dawa imo katika ngeli nyingine. Yaliyomo mabanoni yakiitwa "fungu", husemwa: "kalsiamu moja, na mafungu mawili, kila moja lenye oksijeni moja na hidrojeni moja". Neno "mawili" limefungwa na "mafungu". Haliwezi kurukia hidrojeni, ambayo ingedai "mbili". Upatanisho hufanya kazi ya mabano. Maneno "kila moja" nayo si ya kuachwa, maana bila hayo mtu aweza kudhani fungu moja ni la oksijeni na la pili ni la hidrojeni. Hesabu huwa kalsiamu 1, oksijeni 2, hidrojeni 2. Jumla ni 5, sawasawa na ya jiwe; kwa hiyo jumla pekee haitambulishi kitu, na kila elementi lazima ihesabiwe kwa jina lake.

Jasi, itiwayo katika saruji ili isigande upesi mno, huandikwa CaSO₄·2H₂O. Nukta hapa si ya kuzidisha. Yaonyesha kwamba maji yameshikamana na chumvi hiyo. Tarakimu kubwa iliyotangulia huzidisha molekuli nzima ya maji. Mna kalsiamu 1, salfa 1 (ambayo wazee waliiita kiberiti), hidrojeni 4, na oksijeni 4 za kwanza pamoja na 2 za maji, yaani 6. Jumla ni 12.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilishughulikia majina ya vitu. Sentensi za kuyaunganisha majina hayo zimeachiwa walimu, nao katika sekondari hufundisha kemia kwa Kiingereza kisha mara nyingi hufafanua kwa Kiswahili papo hapo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichoanzishwa mwaka 2005 huko Chang'ombe, Temeke, kingefaa kuwa mahali pa kuzijaribu sentensi za namna hii kwa walimu wanafunzi.

Lipo jambo moja ambalo "fungu" haliliondoi. "Atomi" na "molekuli" ni za ngeli moja, na "mbili" hukubaliana na zote. Katika jasi yafaa kusema "molekuli mbili za maji", nambari ikigusana na jina lake, wala si "molekuli za maji mbili".