Mbuga ya Ziwa Nakuru: Kila msimu una uhondo wake

WAKAZI wengi wa Subukia hulijua jiji la Nakuru kwa shughuli za soko, matibabu na karo za shule. Ni wachache ambao huendelea na safari kilomita chache zaidi hadi lango la Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru.

Baadhi ya waliofika hurejea wakinung'unika kwamba heroe, ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo, hawakuonekana. Lawama hizo hutokana na dhana kwamba mbuga ni picha isiyobadilika. Kumbe hubadilika kila msimu, na anayeelewa mienendo ya maji ndiye hufaidi zaidi.

Eneo hilo lilianza kulindwa kwa ajili ya ndege mnamo 1960, kabla ya kutangazwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1968. Mnamo 2011, Ziwa Nakuru pamoja na Bogoria na Elementaita yalitiwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Mbuga hiyo, yenye ukubwa wa takriban kilomita 188 za mraba, imezungushiwa ua wa umeme. Kwa hivyo vifaru weusi na weupe, twiga, nyati na simba wamo humo mwezi wowote ule, tofauti na nyumbu wa Maasai Mara ambao huja na kuondoka.

Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, wakati wa kiangazi, nyasi huwa fupi na wanyama huonekana kwa urahisi. Masika yanapoanza, barabara za ndani huwa na matope, lakini Maporomoko ya Makalia yaliyo kusini mwa mbuga hupata nguvu mpya.

Julai na Agosti ni miezi ya baridi, na anayewahi alfajiri hahitaji kushauriwa kubeba sweta. Kuanzia Oktoba huwasili ndege wahamiaji wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, na wengi wao hukaa hadi karibu Aprili.

Heroe, hata hivyo, hawafuati kalenda. Chakula chao kikuu ni mwani mdogo mno unaostawi katika maji yenye magadi mengi. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, hivyo magadi hubaki humo na kukolea jua linapokausha maji. Mvua ikizidi, magadi huzimuliwa, mwani hupungua, na ndege hao hutafuta lishe kwingineko.

Hayo ndiyo yaliyotokea kuanzia mwaka wa 2010, maji yalipoanza kupanda. Ziwa lililokuwa na ukubwa wa takriban kilomita 40 za mraba lilipita kilomita 60. Lango kuu la zamani lilimezwa na maji, migunga ya manjano iliyopamba ufuo ikafa ikiwa imesimama, na baadhi ya familia za mtaa wa Mwariki zikapoteza makao.

Wataalamu wanataja mvua nyingi kuwa sababu kuu. Aidha, wanataja ukataji wa misitu ya nyanda za juu, ambao huacha maji yateremke kwa kasi yakibeba udongo.

Heroe wengi walihamia Ziwa Bogoria, na hapa ndipo Subukia inapoingia katika kisa hiki. Mto Waseges, unaopita katika bonde la Subukia, huelekea kaskazini na kuitwa Sandai kabla ya kumwaga maji yake katika ziwa hilo hilo la Bogoria.

Hii ina maana kwamba mkulima wa Subukia anayelima hadi ukingoni mwa mto anapeleka udongo wa shamba lake katika ziwa ambalo heroe hulikimbilia. Anayeacha ukingo na miti yake huokoa rutuba yake mwenyewe, na pia huwalinda ndege ambao huenda hajawahi kuwaona.

Kwa anayetaka kuwaona, safari kupitia Bahati hadi Nakuru haichukui siku nzima. Ada hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, hivyo ni vyema kujitayarisha mapema. Wasio na magari wanaweza kuchanga na kukodi moja, kwa kuwa hairuhusiwi kutembea kwa miguu ila katika sehemu zilizotengwa.

Moja ya sehemu hizo ni mwamba wa Baboon Cliff, magharibi mwa ziwa, ambapo maji yote huonekana kwa mtazamo mmoja. Anayesimama hapo Februari na kurudi Mei ataona mandhari mbili tofauti. Na akikosa heroe, hana haja ya kukata tamaa: huenda wako Bogoria, wakiishi kwa maji yaliyopita karibu na shamba lake.