Nani Abaki, Nani Aende? Baraza la Ingwe Mtaani Kaloleni

Mtu wa pwani akisomewa majina ya mitaa ya mashariki ya Nairobi huenda akadhani hajaondoka kwao. Iko Majengo, kama ile ya Mombasa. Iko Shauri Moyo, na Wazanzibari nao wana yao. Iko Kaloleni, na hapa msomaji wa Kilifi asichanganyikiwe: siizungumzii ile ya minazi huko kwao, bali ile iliyo kando ya barabara ya Jogoo, mtaa wa nyumba za mawe na vigae uliojengwa na serikali ya mkoloni katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika.

Mimi kila nendapo Nairobi hufikia Majengo ya Pumwani kwa jamaa zangu. Katikati ya mwaka 2025 nilikuwa huko kwa shughuli ya arusi, na siku ya tatu, baada ya kusali Adhuhuri, nikaona heri ninyooshe miguu kuliko kukaa nikisubiri biriani. Nikakata Shauri Moyo, nikapita soko la Burma penye wauza nyama, nikavuka Jogoo. Pale upo uwanja ambao watu wa makamo yangu tuliujua kwa jina la City, na ambao sasa umepewa jina la marehemu Joe Kadenge, mchezaji aliyefariki Julai 2019 na ambaye jina lake bado hutamkwa na watu wasiopata kumwona akigusa mpira. Nyuma ya uwanja ndipo Kaloleni, na chini ya mti mmoja, kando ya cherehani ya fundi wa nguo, ndipo nilipolikuta baraza.

Kwa mbali nilidhani watu wanagombania ardhi. Kumbe ni mpira.

Majuma machache nyuma wanachama wa AFC Leopards walikuwa wamemchagua Boniface Ambani kuwa mwenyekiti, mahali pa Daktari Dan Shikanda aliyeshika usukani tangu 2019. Msomaji anayefuata ligi ya Tanzania hahitaji kuambiwa Ambani ni nani. Ndiye yule mshambuliaji Mkenya aliyevaa jezi ya Yanga na kuwa mfungaji bora wa ligi ya bara msimu wa 2008/09. Basi mchezaji amekuwa mwenye nyumba, na swali lililokuwa likizunguka mti ule lilikuwa moja tu: katika wachezaji waliopo, nani abaki, nani aende, na wapya watoke wapi?

Fundi alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, miwani imefungwa kwa uzi. Aliponiona na kofia yangu akanisogezea kigoda. "Karibu Sheikh, keti. Wewe ni mtu wa mbali, huna upande, utatuamulia."

Nikamwambia nina upande, tena wa zamani.

Na hapa sina budi kueleza. Timu hii ilizaliwa mwaka 1964 kwa kuunganishwa timu ndogondogo za Waluhya waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, ikaitwa Abaluhya. Mwaka 1966 ikatwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza, mwaka mmoja baada ya Feisal ya Mombasa kuutwaa, jambo ambalo vijana wetu wa pwani wameshalisahau. Ilipofika 1980 majina ya kikabila yakapigwa marufuku, ndipo ikawa AFC Leopards, ama Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Chui huyo akachukua ligi 1980, 1981 na 1982 bila kupumua. Akachukua na kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati 1982, 1983 na 1984, na lile la 1983 lilichezwa Unguja.

Aliyesimama golini siku hizo alikuwa kijana wetu, Mahmoud Abbas wa Mombasa, aliyeitwa "Kenya One". Ndiye pia aliyelinda lango la timu ya taifa ilipochukua kombe la Chalenji 1981, 1982 na 1983. Sisi tulikuwa watoto wa chuo. Tukitoka kusoma alasiri tulikuwa tukivua kanzu na kufanya mafundo mawili ya goli, kisha ugomvi: nani atakuwa Mahmoud? Hakuna aliyetaka kuwa mfungaji. Mwalimu wetu alituchapa kwa ajili ya kanzu zilizochafuka, lakini redio yake ilikuwa wazi siku za mechi, na mlango wake pia.

"Mahmoud!" akasema fundi, mkono umeacha kuzungusha gurudumu. "Alikuwa akidaka kama mtu anayepokea mtoto."

Mbele yetu alisimama kijana wa matatu, makanga, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Yeye hakuwa na haja na historia. "Mzee wetu, mambo ya zamani tumeyasikia. Ligi ya mwisho ni ya 1998. Mimi nilizaliwa mwaka huo. Nina miaka ishirini na saba, sijaona kombe la ligi hata kwa macho. Mwenyekiti mpya afagie wote. Alete majembe. Alete Waganda, alete Watanzania, alete yeyote ajuaye kufunga."

"Na hawa watoto?"

"Waende wakakomae kwingine."

Hapo fundi akavua miwani. "Watoto hawa ndio waliokuwako mlango ulipofungwa."

Mlango aliokuwa akiutaja ndio kiini cha habari yote, na naona si wengi wa pwani walioifuata kwa karibu. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, ilipokosa leseni yake nchini, iliondosha fedha zake kwa Leopards na kwa Gor Mahia pia. Nisingependa kuhutubia hapa. Rai ya wasomaji wa ukurasa huu juu ya fedha ya kamari naijua, na yangu ni hiyo hiyo. Ila yafaa isemwe kwamba vilabu viwili vikubwa kuliko vyote nchini vilikuwa vimeegemea ukuta mmoja, na ukuta uliponyanyuka usiku mmoja vilianguka vyote viwili. Leopards ilikuwa na kocha kutoka Rwanda, André Casa Mbungo, na wachezaji wa kigeni. Mishahara ikakwama. Mwisho wa mwaka ule kocha akafunga mizigo. Baadaye yeye na baadhi ya wachezaji wakapeleka madai yao kwa FIFA, na FIFA ikaamua wadai ni wa kweli. Ilipofika 2021 klabu ikafungiwa: hakuna kuandikisha mchezaji mpya mpaka madeni yalipwe.

Timu isiyoweza kununua hugeukia watoto wake. Kocha wa siku hizo alikuwa Mbelgiji Patrick Aussems, yule aliyeifikisha Simba robo fainali ya ligi ya mabingwa wa Afrika mwaka 2019. Aliyezoea meza ya Msimbazi akajikuta jikoni pasipo na kitu. Akawapandisha vijana, wengine hata ndevu hawana, akawavisha jezi waliyoivaa akina Mahmoud. Hawakuchukua ligi. Lakini Ingwe haikuzama tena kama ilivyozama 2006 iliposhuka daraja, ikakaa nje ya ligi kuu mpaka 2009.

"Sasa mlango uko wazi," fundi akasema, "na neno la kwanza ni kuwatoa waliokaa ndani wakati wa njaa."

Makanga akacheka, si kwa dharau. "Mzee, mpira si urithi."

Akaingilia muuza makaa wa jirani, shabiki wa Gor Mahia, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mashabiki wa timu hizi mbili huitana mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana mno, na kama mjuavyo shemeji ana ruhusa ya kusema lisilosemeka. "Shemeji zangu, nasi tulifungiwa na FIFA hao hao kwa madeni hayo hayo. Mwaka 2023 tukachukua ligi, na 2024 tukachukua tena, ya ishirini na moja. Nyinyi mnahesabu vijana, sisi twahesabu makombe."

"Na 2025?" akaulizwa kwa sauti tatu pamoja.

Akanyamaza, maana 2025 ligi ilikwenda kwa Polisi, kwa mara yao ya kwanza. Na hapo ndipo mazungumzo yalipoacha kuwa mzaha. Mtu mmoja aliyekuwa kimya, aliyevaa sare ya ulinzi wa mlangoni, alisema neno ambalo nililiandika papo hapo juu ya kadi ya arusi, kwa kukosa karatasi. "Polisi mwisho wa mwezi kuna mshahara. Bandari kuna mshahara. Tusker kuna bia. Sisi kuna nini? Isukuti." Isukuti ndizo zile ngoma zao, na kwa kweli zikilia uwanjani hata adui hutikisa bega. Lakini ngoma haimlipii mtu kodi ya nyumba.

Mimi nilikuwa nimealikwa kuamua, na rafiki zangu wa Majengo wananijua kuwa sinyamazi nikialikwa. Nikawaambia hivi. Kwanza, hilo la kusema wageni ndio waliotuharibia, nalikataa. Mahmoud alikuwa mgeni kwenu. Ambani mwenyewe alikuwa mgeni Dar es Salaam, na Wanayanga walimbeba mabegani. Mgeni hakuwafungia mlango. Uliofunga mlango ni ujira wa mtu uliokaa mfukoni mwa mtu mwingine. Sisi tungali wadogo tulifundishwa kwamba mfanyakazi hulipwa jasho lake halijakauka. Casa Mbungo na wenzake jasho lilikauka, wakapanda ndege, wakafika kwao, wakaandika barua, barua ikajibiwa, ndipo watu wakashtuka. Ungemleta mfungaji bora wa dunia kwa utaratibu ule, angeishia kuwa mdai bora wa dunia.

Pili, nikasema, kijana yule wa matatu ana haki. Timu ya watoto watupu haichukui kombe. Mtu hawezi kumwambia aliyengoja miaka ishirini na saba aendelee kungoja kwa kuwa subira ina heri. Lakini timu ni kama shairi linalorekebishwa: ukibadilisha neno hapa na pale mizani hukaa sawa, ukiving'oa vina vyote siku moja unakuwa umetunga jingine, na lile la kwanza hulijui tena. Waacheni wanne au watano waliokula njaa pamoja. Hao watawafundisha wapya namna jezi ile inavyovaliwa.

"Wanne," akasema makanga.

"Saba," akasema fundi.

Wakaanza kutaja majina, na majadiliano yakawa ya sokoni: nakupa golikipa huyu, niachie kiungo yule. Muuza makaa alitoa ushauri wa bure ambao haukukubaliwa hata mmoja. Nilipenda kuona kwamba hakuna aliyetaja kabila la mchezaji yeyote. Katika mtaa huu, ambao ukumbi wake ulisikia hotuba nyingi za siasa kabla ya uhuru, mzee wa Kibunyore alikuwa akimpigania beki wa jina la Kikamba kana kwamba ni mtoto wa dada yake.

Aliyekuwa hajasema kitu ni mama wa chapati, ambaye jiko lake lilikuwa nyuma ya cherehani. Nilikuwa nimekwisha kula mbili, kwa adabu ya mgeni, na arusi ikiningoja. Aliposikia mimi ni mtu wa gazeti akafuta mikono kwa khanga. "Baba, huko kwenye gazeti hamna orodha ya wanaochukuliwa?"

Nikamwambia sina.

"Mwanangu ana miaka kumi na tisa. Anacheza winga. Amezunguka kwa timu za madaraja ya chini miaka miwili, hajaomba mshahara, ameomba nauli tu, na nauli hawampi. Miaka ile waliyofungiwa, alikuwa akisema, mama, hawa wamecheza wakiwa wadogo kama mimi, basi hata mimi naweza. Sasa mkisema waletwe wakubwa, waletwe Waganda..." Hakumaliza. Akageuza chapati.

Makanga akatazama chini. Fundi alipata nafasi ya kusema, "Nilikwambia," lakini hakuisema, na kwa hilo nikamhesabu kuwa muungwana.

"Lakini mama," makanga akasema baadaye, sauti imeshuka, "akiingia yeye, utataka acheze na nani? Na watoto wenzake, wafungwe kila Jumapili? Au na watu wa kumshika mkono?"

Mama akafikiri. "Na watu wa kumshika mkono," akasema. "Mradi wasimfungie mlango."

Jua lilikuwa limeelemea upande wa Burma, na mimi nilikuwa na Alasiri ya kuwahi. Nilipoinuka kijana mwenyewe akatokea, mwembamba, viatu vya mpira vimefungwa kamba na kutundikwa shingoni. Akamwamkia fundi, akaniamkia nami shikamoo kama mtoto wa pwani, kisha akainama kumnong'oneza mama yake. Kesho asubuhi kulikuwa na majaribio Dandora, mbele ya makocha wa timu kadhaa. Mama akafungua kopo la chai, akahesabu sarafu mara mbili.

Hazikutosha. Makanga akamwuliza kijana atapanda gari saa ngapi.

"Saa kumi na mbili."

"Njoo stendi saa kumi na moja na nusu," akamwambia. "Utasimama mlangoni na mimi."