Tegu wa Mbwa na Kondoo

Mchungaji aendapo malishoni na kundi lake, mbwa wake humfuata. Kondoo hula majani, mbwa hula nyama. Kwa hiyo mtu aweza kudhani ya kuwa ugonjwa wa huyu haumpati yule. Lakini sivyo. Yuko mnyoo mmoja asiyeweza kuendelea kuzaa ila apate nyumba mbili: moja ndani ya mbwa, na moja ndani ya mnyama alaye majani.

Mnyoo huyu ni tegu. Tegu wa ng'ombe ampataye mtu hurefuka mita kadha wa kadha. Bali huyu wa mbwa ni mdogo mno, milimeta 3 mpaka 7 tu. Hukaa katika matumbo ya mbwa, pengine kwa maelfu, wala mbwa haonekani mgonjwa. Hucheza na kubweka na kulinda boma kama desturi yake.

Mayai ya tegu hutoka pamoja na mavi ya mbwa, yakatawanyika katika majani na maji. Ni madogo hata jicho haliyaoni. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia akiyameza, mayai huanguliwa tumboni mwake. Kitoto cha tegu hupenya utumbo, huingia katika damu, kikachukuliwa mpaka kwenye ini au mapafu. Hapo hugeuka kuwa kifuko chenye maji, nacho hukua polepole mwaka kwa mwaka. Ndani yake huota vichwa vingi vya tegu, vikingoja.

Vyangoja nini? Vyangoja mbwa. Siku ya kuchinja, mchinjaji huliona ini lina vifuko, husema, "Hili halifai kuliwa," akamtupia mbwa. Majuma machache yakipita, vichwa vile vimekuwa tegu wazima wenye mayai, na safari yaanza tena. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1853 na mtaalamu Mjerumani, Karl von Siebold, aliyewalisha mbwa vifuko vya kondoo, kisha akakuta tegu matumboni mwao.

Mtu naye aweza kuyameza mayai hayo, hasa mtoto achezaye na mbwa kisha akala bila kunawa. Kifuko chaweza kukua ndani yake hata kiwe kikubwa kama nazi, na pengine hapana budi daktari ampasue. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, watu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huu.

Je, waweza kuzuiwa? Naam. Katika kisiwa cha Aislandi watu wengi waliugua. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alichunguza mbwa 100 huko, akakuta tegu huyu katika 28. Ndipo watu walipoandikiwa kijitabu cha kuwafundisha, na sheria zikawekwa juu ya mbwa. Wakazika au kuchoma matumbo na maini mabovu, na mbwa wakapewa dawa. Leo ugonjwa huo umekwisha kisiwani mle.

Basi, uonapo ini lenye vifuko, usimtupie mbwa. Lichome moto, au lizike chini sana asipoweza kufukua. Mbwa apewe dawa ya minyoo kama aagizavyo mganga wa mifugo. Nawe ukiisha kumshika mbwa, nawa mikono kabla ya kula. Tegu ahitaji nyumba mbili; ukimfungia mlango wa moja, amekwisha.