Sumu ya Mishale, Dawa ya Moyo

Katika orodha ya taifa ya dawa muhimu, inayoiongoza Bohari ya Dawa (MSD) yenye makao makuu Keko, Dar es Salaam, inaponunua na kusambaza dawa za hospitali za umma, mna kidonge cha digoksini, dawa ya moyo itokanayo na mmea wa Ulaya wenye sumu kali. Kidonge kimoja kina miligramu 0.25 tu, hivyo gramu moja ya sumu hiyo, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, hutosheleza vidonge 4,000.

Nasaba ya sumu hiyo haiishii Ulaya. Wakamba na Wagiriama walichemsha sumu ya mti uitwao msunguti mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami, wakaipaka mishale. Na katika bonde la Shire wawindaji walitumia kombe, sumu ya mbegu za mmea utambaao. Huko ndiko daktari John Kirk wa msafara wa Livingstone (1858–1864), ambaye baadaye aliiwakilisha Uingereza Zanzibar, alipopiga mswaki uliogusana na kombe, akasikia uchungu mdomoni na kukuta mapigo ya moyo wake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh alizichunguza mbegu hizo, akatenga kiini chake na kukiita strofanthini.

Sumu hizi, ziitwazo glikosidi za moyo, huzuia pampu ndogo mno zilizomo katika utando wa seli, ambazo hutoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Pampu hizo zikizuiwa, kalsiamu huongezeka ndani ya seli za moyo na msuli wake hujikaza kwa nguvu zaidi. Zikizuiwa chache, moyo uliochoka hupata nafuu. Zikizuiwa nyingi, mapigo huvurugika hata moyo ukasimama. Strofanthini hupenya kwa shida kutoka tumboni kuingia katika damu, ndiyo maana nyama ya mnyama aliyechomwa mshale ililiwa (hadhari ya kukata kwanza pande la jerahani haikuwa ya bure), na ndiyo maana madaktari walilazimika kuichoma mshipani, ilhali digoksini humezwa.

Mwindaji hakuhitaji kipimo, kwani kwake kuzidisha hakukuwa kosa. Kwa mgonjwa, kiasi kinachotibu na kinachodhuru hukaribiana mno, tena kidonge kilekile kilichomfaa jana chaweza kumdhuru leo ikiwa figo, zinazotoa digoksini mwilini, zimedhoofika, au ikiwa dawa ya kumkojoza imepunguza potasiamu yake. Dalili huanza kwa kichefuchefu, pengine na kuona vitu vyote vya manjano. Kwa hiyo muuguzi, kabla ya kumpa mtu mzima kidonge, huhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, na yakiwa chini ya 60 hukizuia kwanza, akamwita daktari.