Bidoni mbili kwa tuta moja: kumwagilia kwa matone wakati wa kiangazi

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mvua inapungua sana hapa Bukavu, Kabare na Walungu. Ndiyo wakati nyanya zinapanda bei ku soko ya Kadutu, na ndiyo wakati bustani zetu zinakauka. Mara nyingi maji iko chini, bustani iko juu, na ni mgongo wa mama unaoipandisha. Kila bidoni inayopotea ni nguvu ya mtu.

Tufanye hesabu kidogo. Tuta la metre moja kwa kumi, jua likiwa kali, linahitaji karibu litre 40 kwa siku, maana yake bidoni mbili. Ukimwaga na ndoo, maji mingi inakimbilia njiani na kunywesha magugu. Tiyo mbili nyembamba zenye tundu kila sentimita 30 ziko na matundu karibu 66 kwa tuta hilo: kila tundu linatoa zaidi ya nusu litre kwa siku, palepale ku mzizi. Tena majani ya nyanya yanabaki makavu, na mildiu haipendi majani makavu.

Bidoni iwekwe juu ya meza ya miti ao mawe, metre moja kutoka chini. Hakuna motere, maji inashuka yenyewe. Ukipata pipa ya litre 200, kumbuka kwamba ikijaa inapita kilo 200. Meza ya bidoni haitaibeba. Funika chombo na kitu cheusi sababu mwanga unazalisha mwani wa kijani ndani ya maji, ule utando unaoziba matundu. Ku mdomo, funga kitambaa safi cha kuchuja.

Sasa sehemu ambayo inaharibu kazi ya wengi kwetu: mlima. Tiyo isilazwe kushuka. Bidoni ikiwa metre moja juu ya mwanzo wa tiyo, na mwisho wake uko metre moja chini zaidi, nguvu ya maji kule chini inakuwa mara mbili. Nyanya za chini zinazama, za juu zinakufa na kiu. Laza tiyo kwa kukata mlima, sawa na mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Halafu pima: weka kikombe chini ya tundu la kwanza na kingine chini ya la mwisho, ngoja dakika 15. Vikitofautiana sana, rekebisha kabla ya kupanda.

Kila juma fungua mwisho wa tiyo, acha uchafu utoke. Nyasi kavu juu ya tuta zinasaidia sana.

Kwa lengalenga iliyomwagwa mbegu karibu-karibu, sisi hatushauri matone, arozuari inatosha. Weka tiyo kwa nyanya, shu, bilinganya na pilipili. Na koperative isinunue vifaa vya shamba lote siku moja: tuta moja kwanza, kiangazi kimoja. Asiye na feza ya tiyo achukue chupa ya litre moja na nusu, atoboe kifuniko kwa sindano, akate kitako, aichomeke kichwa chini karibu na shina. Asubuhi anajaza.