Ordinatere ya kioo cha kugusa imezeeka: tuibadilishie mfumo namna gani bila kupoteza daftari la wanamemba?



Ndani ya biro za koperative nyingi kuna mashini moja tu inayobeba kazi yote: ordinatere ya mkononi, mara nyingi ile yenye kioo cha kugusa kwa kidole. Ndani yake kuna majina ya wanamemba, kilo za kahawa ambazo kila mmoja alileta, deni la miche na la mbolea, na feza ambazo bado hajalipwa. Kwa hiyo mashini ile si ya sekretere peke yake. Ni ghala la pili la koperative. La kwanza linatunza mavuno. La pili linatunza haki ya kila mtu juu ya mavuno yale. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunaandika habari hii kwa sababu nyingi za mashini hizo zinatumia Windows 10, na tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza bure. Windows 7 iliachwa tangu mwezi wa 1 mwaka 2020, na Windows 8.1 tangu mwezi wa 1 mwaka 2023. Tunapashwa kujua maana yake, na kisha kamati ichague njia.

Mfumo ni nini, na kuachwa ni nini?

Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kubwa inayoamsha mashini na kuongoza zingine zote. Windows ni mfumo. Linux pia ni mfumo.

Mfumo ukiachwa na wenyewe, mashini haizimike. Inaendelea kuwaka, na Excel inafunguka kama jana. Lakini matundu mapya yanayogunduliwa ndani ya mfumo hayazibwe tena. Ni kama ghala ambalo fundi wake ameondoka: leo liko sawa, lakini panya akitoboa ukuta, hakuna wa kuziba. Kwetu panya huyo anaingia kwa njia mbili: kwa internete, na kwa flashi zinazotembea kutoka mashini moja hadi nyingine. Kuna virusi vinavyofunga mafaili yote na kudai malipo ili kuyafungua. Siku ile, mwanamemba aliyeleta kilo 300 na yule aliyeleta 30 wanakuwa sawa: hakuna mwenye ushahidi.

Kwanza kabisa: kopi mbili

Kabla ya kugusa chochote, tuweke akiba ya mafaili. Mkulima hali mbegu yote kabla ya kujua kama mvua itakuja.

Kopi ya kwanza iende kwenye flashi au diski ya nje inayobaki na sekretere. Ya pili iende kwenye nyingine inayokaa kwa prezida au kwa kesiye, nyumba tofauti. Msisahau mafaili yaliyo kwenye Bureau, Documents, Images na Téléchargements. Mara nyingi orodha ya mwisho iliyotumwa kwa WhatsApp imebaki pale pa Téléchargements. Muandike pia kwenye karatasi maneno ya siri na namba ya leseni ya programu ya hesabu, kama iko.

Kiisha, chukueni flashi ile, mufungue mafaili mawili au matatu kwenye mashini nyingine. Kopi ambayo haijafunguliwa mahali pengine bado si kopi. Na orodha ya deni na malipo ichapwe kwenye karatasi, itiwe sahihi na kamati.

Pili: tusome mashini yetu

Fungueni Paramètres, kisha Système, kisha Informations système (mahali pengine imeandikwa À propos de). Tafuteni mambo matatu.

Processeur. Kama ni ya Intel, mtaona kwa mfano i5-4200U au i5-8250U. Tarakimu zinazofuata kistari zinaonyesha kizazi: 4200 ni kizazi cha nne, 8250 ni cha nane, 10210 ni cha kumi. Windows 11 inataka, kwa kawaida, kizazi cha nane kwenda juu, ni kusema mashini zilizoanza kutoka mwisho wa mwaka 2017. Ordinatere nyingi za kioo cha kugusa zilizotoka na Windows 8 kuanzia mwaka 2012 ziko chini ya hapo.

Mémoire RAM. Windows 11 inaomba angalau 4 GB. Inaingia, lakini inatembea kama gari lenye mzigo kwenye mlima. Na 8 GB kazi inaendelea vizuri.

Nafasi ya diski. Windows 11 inaomba diski ya 64 GB au zaidi. Kuna mashini ndogo za kugusa za bei rahisi zenye 32 GB tu, hizo haziwezi.

Windows 11 inaomba pia TPM 2.0, kipande kidogo cha usalama kinachotunza siri za mashini kama kofuli. Kwa kukitafuta, bonyezeni pamoja alama ya Windows na R, muandike tpm.msc. Wakati mwingine kipande kipo lakini kimezimwa; teknisiye anaweza kukiwasha. Microsoft inatoa bure programu inayopima yote haya, Contrôle d'intégrité du PC: inajibu ndiyo au hapana, na sababu yake.

Njia nne zilizo mbele yetu

Njia ya kwanza: Windows 11. Mashini ikijibiwa ndiyo, na Windows 10 yake ni ya halali, kupanda ni bure. Mafaili na programu vinaweza kubaki mahali pake, mkichagua hivyo wakati wa kuweka. Mzigo wa kupakua unapita GB 5, kwa hiyo msitumie forfait ya telefone ya biro. Mpelekee teknisiye wa mjini mwenye internete nzuri, au mumuombe aitayarishe kwenye flashi ya 8 GB au zaidi.

Njia ya pili: kubaki na Windows 10 kwa muda. Microsoft inauza matunzo ya ziada. Kwa mtu binafsi yanafika tarehe 13 mwezi wa 10 mwaka 2026, kwa dola 30, na iko namna ya kuyapata bila kulipa. Kwa mashirika, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashini kwa mwaka wa kwanza, na inapanda mara mbili kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Njia hii inanunua wakati tu. Ni nzuri kama koperative inajua itapata mashini nyingine.

Njia ya tatu: Linux. Kwa mashini iliyokataliwa na Windows 11 lakini bado iko na nguvu, mara nyingi ndiyo dawa. Linux Mint ni bure, haiombe leseni, inatosheka na 2 GB ya RAM (4 ni vizuri zaidi) na 20 GB ya diski (100 ni vizuri zaidi). Mint ya 22 itatunzwa hadi mwaka 2029. Ndani yake kuna LibreOffice, inayofungua mafaili ya Excel na ya Word. Lakini kama koperative inatumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu, au Excel yenye makro, mjaribu kwanza. Mara nyingi haitembei sawasawa.

Njia ya nne: kuiacha ilivyo, lakini kuikata na internete. Mashini inabaki ya kuandika na kuchapa tu. Inawezekana, kwa sharti moja gumu: flashi ya nje isiingie bila kupimwa kwenye mashini nyingine yenye antivirusi. Kama biro haiwezi kushika sharti hilo, njia hii si yenu.

Kuna na njia ya tano ambayo watu wanaipendekeza mjini: Windows ya kuiba, iliyovunjwa kofuli, au kulazimisha Windows 11 kwenye mashini iliyokataliwa. Hatushauri. Ile iliyovunjwa inaweza kuja na virusi ndani yake, na ile ya kulazimishwa Microsoft haiahidi kuitunza. Mtakuwa mmelipa teknisiye ili kurudi pale pale.

Kioo cha kugusa: mupime kabla, si baada

Hapa ndipo mashini hizi zinatofautiana na zingine. Ili kidole kifanye kazi, mfumo unahitaji programu ndogo inayojua kusema na kioo kile. Kwa Kifaransa inaitwa pilote. Mkibadilisha mfumo, pilote ya zamani inaweza kukosa nafasi, na kioo kikawa kama kioo cha dirisha.

Kwa Linux, kuna namna nzuri ya kupima bila hatari. Teknisiye anaweka Linux kwenye flashi, anaamsha mashini kwa flashi ile, na mfumo unafunguka bila kubadilisha kitu ndani ya diski, mradi hajabonyeza Installer. Ni kama kuweka punje za maharagwe ndani ya kitambaa kilicholowa kabla ya kupanda shamba lote: mnaona kama zinaota. Gusa pembe nne za kioo na katikati. Jaribu Wi-Fi, sauti, na kuchapa. Kama kidole kinaitika, vizuri. Kama mnafanya kazi sana kwa kidole na mashini iko na RAM ya 4 GB au zaidi, mupime na Ubuntu pia, kwa sababu alama zake ni kubwa na zinashikika vizuri kuliko za Mint.

Kwa Windows 11, kama kidole kinakataa baada ya kubadilisha, fuateni hivi:

1. Zimeni mashini kabisa, mupanguse kioo kwa kitambaa laini kilichokauka, muwashe tena.

2. Fungueni Windows Update, mutafute mises à jour facultatives; mara nyingine pilote iko pale.

3. Fungueni Gestionnaire de périphériques, mutafute mstari wenye maneno écran tactile. Bonyezeni Désactiver, kisha Activer.

4. Ikikataa, someni namba ya modeli chini ya mashini, mutafute pilote kwa kampuni iliyoitengeneza. Msichukue pilote kwa tovuti yoyote ile.

Jambo lingine: mfumo mpya hauponyeshe kioo kilichopasuka. Kuna vioo vizee vinavyojigusa vyenyewe; mshale unaruka, na tarakimu zinabadilika bila mtu. Kwenye orodha ya kilo, hilo ni hatari kubwa. Kama kioo chenu kiko hivyo, zimeni kugusa pale pale kwenye Gestionnaire de périphériques, mutumie panya ya mkono. Mashini itaendelea kutumika bila shida.

Siku ya kazi

Msichague siku ya kupokea mavuno wala juma la malipo. Chagueni wakati mtulivu, na asubuhi, si jioni. Kuweka mfumo kunaweza kuchukua saa moja au zaidi ya tatu kwa mashini nzee, na umeme ukikatika katikati, mfumo unaweza kuharibika. Betri iwe imejaa. Kama betri imekufa na biro inategemea umeme wa jua, muhakikishe akumulateri zimejaa, ao mufanyie kazi hiyo mahali penye umeme wa kuaminika.

Baada ya kupanda Windows 11, mnazo siku 10 za kurudi Windows 10 kama mambo hayaendi. Kwa hiyo siku ya kwanza fungueni yote: orodha ya wanamemba, programu ya hesabu, mashini ya kuchapa, kioo. Msingoje siku ya 11. Kwa Linux hakuna siku za kurudi. Ukiiweka mahali pa Windows, Windows imeondoka. Ndiyo maana kopi mbili zinatangulia.

Kabla ya kununua mpya

Kamati isikimbilie kununua. Mashini nyingi zinachelewa kwa sababu diski yao ni ya zamani, ile inayozunguka. Mkiweka diski ya SSD, na kuongeza RAM kama mashini inakubali, mtaona tofauti kubwa kwa bei iliyo chini sana ya mashini mpya. Lakini muulize teknisiye kwanza: katika mashini nyembamba za kugusa, RAM mara nyingi imechomelewa, haiwezi kuongezwa.

Maamuzi haya yaandikwe kwenye kitabu cha mikutano: njia iliyochaguliwa, bei, jina la teknisiye, mahali kopi mbili zinakaa, na nani yuko na maneno ya siri. Sekretere akibadilika mwaka ujao, anayemfuata akute njia imeandikwa. Na mwanamemba yeyote ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu: kopi ya orodha yetu iko wapi, na mara ya mwisho ilifunguliwa lini? Kamati inapashwa kujibu.